Petroli ya Shemeji

Mimi watu wanaojifanya kujua mashine nawadharau, na sifichi. Nimepasua mbao Iringa na Mbeya tangu ndevu hazijaniota, na sijawahi kufika kijiji kisicho na bingwa wa chenisoo, msumeno wa injini, ambaye hata kuishika hajaishika. Mashine ikizima tu, hao wanajitokeza. "Hiyo plagi." "Aa, hiyo choki." "Imechoka hiyo, si ya mtumba?" Mwingine anakuja anatafuna muwa, anatemea maganda juu ya spana zako, halafu anakuuliza kama umekumbuka kuweka mafuta. Mungu anisamehe, mtu wa namna hiyo natamani nimfunge kamba nimkokote yeye badala ya gogo.

Basi, mwaka juzi mama alinipigia simu. Anaishi peke yake milimani, juu ya Mbalizi, kwenye nyumba ambayo yeye na marehemu baba walifyatua tofali zake kwa mikono yao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mkaratusi mkubwa, watu wawili hawaukumbatii. Mvua za mwaka uliotangulia ziliulegeza, ukaanza kuinamia chumba anacholala. "Mizizi imeinua udongo," aliniambia, "na upepo ukivuma nausikia unalia." Nikamwambia ahamie kwa mdogo wangu wa kike, nyumba ya tatu kutoka pale. Akanijia juu. "Nikalale kwa mkwe wangu? Nimekuwa kichaa?" Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata kama la kwake limeezuliwa. Kwa hiyo ama mti ulale kabla mvua hazijaanza, ama siku moja umlalie yeye.

Mashine yangu ya siku zote ilikuwa porini na wenzangu, tuna kazi ya watu. Nikanunua nyingine pale Mlandege, mtumba. Muuzaji aliapa kwamba imetoka Ulaya, ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akikatia matawi ya bustani. Kila mashine ya mtumba inayouzwa Iringa ilikuwa ya mzee wa bustani, sijui huko Ulaya vijana wanakatia nini. Nikakaa nayo wiki nzima, nikaifungua, nikaisafisha, nikaridhika nayo. Nikapanda basi.

Nyumbani walinipokea kwa "kamwene! kamwene!", kunikebehi kwamba nimeshakuwa Mhehe. Sawa. Kati yao alikuwepo shemeji, mume wa huyo mdogo wangu. Analima mpunga Madibira, msimu ukiisha anarudi kwa mkewe. Ni mtu mpole hadi anaudhi. Ukimsema anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anasema "sawa, shemeji", na wewe unabaki na hasira yako mkononi hujui uiweke wapi. Sikuwahi kumpenda. Dada yangu alikuwa na akili darasani, nikaona amejitupa kwa mkulima wa majaruba. Nilimtuma ashuke Mbalizi akaniletee petroli, akaleta dumu limejaa. Oili ya kuchanganya nilikuwa nayo, nikapima mwenyewe, maana kazi ya kupima simwachii mtu.

Asubuhi walikusanyika wanaume kumi hivi wa kuvuta kamba. Tulifunga kamba juu ya mti tuuvutie shambani, mbali na nyumba. Mama tulimtoa akakae uani kwa jirani. Akatoka, lakini kwa sharti lake: "Jua likizama naingia ndani kwangu, mti uwe umelala au umesimama." Huyo ndiye mama yangu. Akisema ameingia, ameingia.

Nikawasha. Mashine ikanguruma vizuri, nikaanza kukata mdomo, ule mkato wa kuuelekeza mti, upande wa shambani. Dakika sita hivi, ikaanza kukosa nguvu, ikapaa sauti kama inakufa njaa, ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia hadi bega likauma. Wapi! Na mabingwa wakaanza, plagi, choki, imechoka. Nikafungua tenki, nikanusa.

"Shemeji, petroli hii umenunua wapi?"

"Kwa wale wa chupa, pale njia panda. Sheli kulikuwa na foleni."

Jamani! Petroli ya chupa! Nusu mafuta ya taa, nusu maji, na nusu nyingine dhambi za muuzaji. Niliinyanyua ile mashine nikamwaga petroli yote chini mbele ya watu, nikamwaga na ya dumu. "Imechakachuliwa," nikasema. "Mtu mzima unamtoa mama mkwe wako chumbani kwake halafu unaleta mkojo wa punda!" Watu wakacheka. Akasema sawa, shemeji, akapanda bodaboda akashuka tena Mbalizi, safari hii sheli.

Aliporudi nilichanganya, nikajaza, nikavuta mara mbili tu, ikaitika. "Si mnaona?" nikawaambia. "Mashine haina kosa. Mashine haijawahi kuwa na kosa." Mama kule uani alikuwa anasikia kila kitu. Akamwita shemeji, na kwetu mama mkwe hamwiti mkwewe ovyo. Akamwambia, akiwa ameangalia pembeni, "Mkwe wangu, kumbe ungeniua kwa petroli ya njiani." Basi. Shemeji akainamisha kichwa.

Nikamaliza mdomo, nikahamia upande wa nyuma, upande wa nyumba, nikaanza kukata kuja mbele. Msumeno umeshaingia kiganja kizima ndani ya mti, ikazima tena. Dakika sita zile zile.

Hapo mambo yakawa mabaya. Mti mzima ulioinama ni hatari, lakini mti ulioinama na ukakatwa nusu ni msiba unaosubiri watu. Milima ya nyuma ilikuwa imeshafunikwa na wingu. Mmoja akasema tumalizie na shoka. Nikamwambia aende akachanje kuni za mkewe. Shoka lingeutikisa uanguke unakotaka wenyewe. Mimi nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa natukana.

"Hili dumu lilikuwa la nini?"

"La mafuta ya alizeti," shemeji akasema, "lakini nililiosha kwa sabuni na maji ya moto."

"Na maji ya kuoshea umeyabakiza humo humo! Hongera!"

Kisha akasema, taratibu, kwa adabu zake zote, "Shemeji, naomba niseme kitu. Pampu yangu ya maji kule Madibira ilifanya hivi hivi. Inawaka, inazima. Ikaonekana tenki lilikuwa halipumui."

"Hii siyo pampu ya mpunga," nikamjibu. "Hapa hatuvuti maji ya vyura."

Walicheka mpaka kamba ikawatoka mikononi. Dada yangu hakucheka. Aliniangalia tu, na mimi nikamkazia macho mpaka akayaondoa yake. Shemeji nikamtuma mara ya tatu, aende na dumu jipya la jirani, lisilowahi kuwekwa kitu. Bodaboda wote walikuwa wameshakimbia mawingu. Akashuka mlima kwa miguu.

Alipoondoka niliichomoa mashine kwenye mti, nikakaa chini nikaifungua. Chujio la mafuta, lile dogo ndani ya tenki, safi. Mpira wa mafuta nikaukunja na kuunyoosha, hauna ufa. Kabureta nikaitoa, nikaangalia kigozi chake chembamba kinachovuta petroli, laini kama kipya. Nikarudisha kila kitu. Manyunyu yakaanza, watu wote wakakimbilia barazani kwa jirani, nikabaki peke yangu na ule mti juu yangu. Nikawasha kwa petroli ile ile niliyoitukana. Ikawaka. Nikaiacha ingurume, nahesabu. Ilipozima, nikashika kifuniko cha tenki nikakilegeza.

Ikavuta pumzi. Fsss, ndefu, ya mtu aliyezibwa pua. Nikavuta kamba, ikawaka papo hapo. Nilikuwa nimefungua kile kifuniko kutwa nzima, na kila nilipokifungua mashine ilipona, lakini mara zote kulikuwa na kelele, na kelele nyingi zilikuwa zangu.

Sasa kuna jambo nimeliruka huko juu, na nimeliruka makusudi. Ile wiki ya Mlandege niliona petroli inatoa jasho kwenye tundu dogo chini ya mshikio, mashine ikipata moto. Nikafanya kile ambacho sisi wote huku tunafanya tenki likivuja, la pikipiki, la lori, la jenereta. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa vidole, nikaziba. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kila mtu anajua. Nikafuta, nikaona pakavu, nikajisifu. Lile tundu halikuwa limetoboka. Ndilo tundu la kupumulia, kila chenisoo inalo, na mimi vijana wa Mafinga nawafundisha hivyo mwaka wa ngapi huu. Bila hewa kuingia, petroli haishuki. Nyani haoni kundule, lakini nyani angalau hatukani nyani mwenzake mbele ya mama mkwe.

Nikaangalia barazani. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikachukua kipande cha waya, nikachokoa ile sabuni yote, nikaisugua kwenye nyasi mpaka vidole vikanuka petroli tu. Mashine ilikuwa tayari, na petroli iliyobaki ndani ingetosha. Mti ungeweza kulala saa ile ile.

Sikukata. Nilikaa juu ya kisiki kwenye manyunyu, chini ya mti uliokatwa nusu, nikamsubiri shemeji arudi na petroli yake.

Alirudi ameloa, viatu mkononi, dumu begani. Watu wakatoka barazani. Nikamwaga ya zamani chini mbele yao, polepole, wote waone. Nikachanganya mpya, nikajaza, nikavuta mara moja. Safari hii mashine haikuzima. Msumeno uliingia mpaka mti ukatoa mlio wa kupasuka, nikapiga kelele "Vuteni!", wakavuta, ukaenda wote shambani kwa mama na kulaza mabua ya mahindi mistari minne. Nyumba haikuguswa hata bati. Mama akapiga vigelegele, mwanamke wa miaka ile, akaja akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu fundi," akasema. "Usingeijua ile petroli, leo ningekuwa mfu."

Jioni, nimekaa ndani kwa mama nakunywa chai, shemeji akaja. Alikuwa amebeba kuku, jogoo mweupe, amemfunga miguu. Akamweka mbele yangu, akachuchumaa, na yeye ni mkubwa kwangu kwa umri. Akasema, "Shemeji, nimekosa. Mama angekufa kwa sababu ya uvivu wangu wa foleni. Naomba unisamehe, na uniombee kwake."

Mama alikuwa pale, na dada yangu, na majirani. Nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa machache, mtoto angeweza kuyasema.

"Yamekwisha, shemeji," nikasema, nikampokea jogoo.

Dada yangu akatoka nje.

Nimekwenda kule mara nne, mara tano tangu siku ile. Mama akitaka kitu cha Mbalizi, iwe chumvi, iwe mafuta ya taa, anampigia bodaboda simu na kumwelekeza duka kwa jina. Shemeji anakuwa amekaa pale pale, anasikia, anaangalia mikono yake. Na mimi naangalia chai.