Kibetri Kwenye Sufuria

Kwa mshahara wangu wa kwanza tangu nihitimu nilimnunulia baba kibetri cha kuwashia gari, kile cha kubeba mkononi, chenye nyaya mbili fupi na vibano. Gari lake kuukuu lilikuwa linagoma asubuhi za baridi, na mgongo haukumruhusu tena kusukuma. Alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa kitajiri wa Lavington kwa miaka mingi. Walimuuzia gari hilo alipostaafu.

Nilikinunua mjini kwa sababu kilikuwa rahisi. Muuzaji aliapa kinawasha hata lori. Nilimwamini mpaka nilipofika kwetu, karibu na Dagoretti Corner, nikaanza kusoma mtandaoni. Kumbe vingine vya bei ya chini havina kinga ukikosea kuunganisha, na kibetri kikifura hakifai kutumiwa tena, kinaweza kushika moto. Kuanzia hapo nilikiweka ndani ya sufuria kuukuu, mbali na pazia. Mama aliuliza kinaiva lini.

Kilifanya kazi mara mbili. Mara zote nilisimama kando ya baba nikimsomea maagizo kwa sauti, chekundu kwanza, cheusi baadaye, na yeye aliyeshika usukani kabla sijazaliwa akasikiliza hadi mwisho.

Halafu ikafika siku ya kliniki ya macho ya mama, ambayo tulikuwa tumeingojea tangu Januari. Gari halikuwaka. Nilikimbilia sufuria, nikaikuta barazani, kibetri kimelala juu ya mchanga uliotiwa ndani yake. Nilidhani mama amechoshwa na hofu zangu akaitoa nje. Nilipokiweka mezani, kikayumba. Upande wa chini ulikuwa umefura, kidogo tu. Nikisema, mama huenda akakosa daktari, na zawadi yangu ni takataka. Nikinyamaza, baba atainamisha uso wake juu ya kitu hicho.

Nilitoka mikono mitupu.

"Baba, ile kitu imefura. Hatuitumii."

"Najua," alisema. "Niliona Jumapili. Nani unafikiri alitia mchanga?"

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ni zawadi yako."

Ndipo nikaona gari lilipoegeshwa: nje ya lango, pua ikitazama mteremko. Lilikuwa limelala hapo siku zote nne tangu Jumapili, likingoja msukumo mdogo tu.

Baba akakaa kwenye usukani. Nilianza kusukuma peke yangu, halikusogea. Mama, aliyevaa nguo za kanisani kwa ajili ya daktari, akashuka garini, akavua viatu, akaja kusimama kando yangu. Aliniambia nisukume kama mtu aliyesoma. Tulisukuma, magurudumu yakaanza kuzunguka, baba akaachia klachi, gari likakohoa na kuwaka. Tulilikimbilia tukicheka, mama na viatu mkononi.

Mama alifika kliniki kabla jina lake halijaitwa.

Kibetri nilikipeleka kwa mafundi wanaopokea betri mbovu. Boksi lake baba hakukubali litupwe. Liko kwenye buti la gari mpaka leo, na ndani yake ameweka spana zake nzuri.