Tulinenepesha akaunti ya baba ili nipate chuo Marekani, aliyepata akawa kipa wangu

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mitatu. Leo naandika kwa sababu hii kitu imenikaa kifuani na sina wa kumwambia ana kwa ana. Sitaongeza chumvi, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea. Mkinicheka ni haki yenu.

Mimi ni binti wa Kitanzania, nimekulia Durban, Afrika Kusini, tunakaa Sydenham. Mzee wangu ni msimamizi wa zamu kwenye ghala moja Clairwood. Mama yuko nyumbani na wadogo zangu.

Nacheza mpira wa magongo, yaani hockey ya kwenye nyasi. Najua huko nyumbani wengi hamuujui. Huku shule nyingi za wasichana zinaucheza. Shule yetu ilikuwa na uwanja lakini mwalimu wa michezo alikuwa wa netiboli, kwa hiyo mimi nilijifundisha kwenye simu. Naangalia video, nasimamisha, narudisha nyuma, naenda kujaribu. Penalti kona, ule mpira wa adhabu unaoanzia pembeni ya goli, niliijua hivyo, mwaka mzima, mpaka viganja vikaota sugu.

Nina ugonjwa mmoja: kitu kisipokuwa sawasawa silali. Email moja naweza kuiandika mara kumi na tano.

Mimi nilikuwa kapteni, na kipa wetu alikuwa Nadine, Mrundi, jirani yangu mtaa wa tatu. Mama yake anasuka nywele saluni mjini. Nadine hakupenda hata hockey. Nilimvuta mimi, kwa sababu nilihitaji mtu wa kusimama golini nimpigie mipira. Hilo likumbukeni, maana mimi nililikumbuka kila siku.

Sasa nieleze jambo la vyuo, maana hapa ndipo wengi tunapotea.

Kuna vyuo Marekani, vidogo lakini vizuri sana kimasomo, ambavyo havitoi scholarship ya michezo. Hata uwe bingwa wa dunia. Kocha anachoweza ni kukupigia debe kwa watu wa udahili, basi. Pesa inatoka ofisi nyingine, na hiyo ofisi haijali umefunga magoli mangapi. Inaangalia familia yako ina uwezo gani, halafu pengo linalobaki wanaliziba wao.

Nilisoma haya yote mwenyewe. Nikawaandikia makocha kama arobaini. Mmoja akajibu.

Nikamtumia video yangu. Nilikuwa nimeihariri wiki mbili, magoli matupu. Kila mpira ambao Nadine aliuzuia niliukata.

Kocha akaandika: nzuri, ila naomba mechi nzima isiyokatwa.

Nikatuma. Baada ya siku nne akajibu mistari miwili. Wa kwanza ulinisifu mimi. Wa pili uliuliza yule kipa ni nani, na kama ameshapata chuo.

Wakuu, niliisoma ile email nikiwa kwenye taxi, daladala za huku, nikasahau kushuka. Nilikaa siku mbili bila kumwambia Nadine. Siku ya tatu nikamwambia, lakini kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo.

Akacheka. "Mimi? Anajua ata siwezi kimbia?"

Tukaomba wote wawili, chuo kimoja.

Zikaja fomu za msaada wa fedha. Wanataka mshahara wa mzazi, mnakaa wangapi, statement ya benki.

Mzee akasema, "Hapo niachie. Mzungu hampi mtu asiye na kitu."

Mliokaa ughaibuni mnajua nini kilifuata. Ukitaka viza, unainenepesha akaunti. Rafiki huyu anaweka, yule anaweka, inakaa wiki kadhaa, unachapa statement, kila mtu anarudishiwa chake. Mama alipokuja huku tulifanya hivyo, na baba naye amewawekea wenzake mara nyingi. Hakuna aliyewahi kuona ni uongo. Ni kusaidiana.

Kwa hiyo watu wa baba wakaweka. Statement ikatoka imeshiba. Na mimi, niliyesoma kila ukurasa wa tovuti yao, niliyejua kabisa wanaangalia nini, nikaipakia. Kwenye kisanduku cha maelezo nikaandika kwamba ni akiba ya familia. Nilifikiri watatuona watu wa maana. Kusema kweli niliona aibu kuwaonyesha ile akaunti halisi.

Nadine yeye alileta ya mama yake nimsaidie kuipakia. Ukurasa mmoja. Hakuna wa kuwawekea, wamekuja huku na begi. Nilimwonea huruma, na nakiri kwamba chini ya ile huruma kulikuwa na raha kidogo. Nilijisemea, huyu hapa ameshaishia.

Majibu yakatoka siku moja.

Mimi: hongera, umekubaliwa. Msaada wa fedha: hakuna. Kwa mujibu wa nyaraka zangu, familia inaweza kujilipia.

Nadine: hongera, umekubaliwa. Msaada: karibu kila kitu.

Alikuja kwetu anakimbia, yule asiyeweza kukimbia, akanikumbatia akalia begani kwangu. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani.

Ule wivu, wakuu, sijui nauelezaje. Ulikuwa kwenye chakula. Nilikuwa najiambia: nimemfundisha mimi, nimempata kocha mimi, fomu nimejaza mimi.

Nikamwomba mzee tuwaandikie ukweli, kwamba zile pesa hazikuwa zetu.

Akanitazama. "Unataka nisaini kwamba mimi ni mwongo?"

"Baba, ni kweli lakini."

"Kweli kwako. Mimi ndiye mwenye jina pale."

Nikaiandika barua, akakaa nayo siku tatu. Ya nne akasaini bila kuisoma, akaenda zake kazini. Nikaituma.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Nadine akaniletea karatasi. Ofisi ya fedha ilitaka barua ya maelezo kuhusu hali ya nyumbani kwao, mwisho Ijumaa, la sivyo msaada unasimama. Yeye Kiingereza chake kina Kifaransa kingi.

"Nirekebishie, kapteni. Iko na makosa mingi, najua."

Ilikuwa na makosa kumi na moja. Nilihitaji dakika ishirini.

Jumapili akauliza, nikamwambia bado naipolish. Jumatatu asubuhi akauliza, nikasema kuna aya moja haijakaa vizuri. Baada ya hapo hakuuliza tena, nami nikaona afadhali. Nilikuwa nimeshaimaliza tangu Jumamosi. Ilikuwa kwenye droo yangu.

Sikupanga kumharibia. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nangoja tu jibu langu kwanza.

Jibu likaja Jumatano. Wameshukuru kwa kusema ukweli, lakini kwa kuwa nyaraka za mwanzo hazikuwa za kweli, wanafuta nafasi yangu. Si msaada tu. Nafasi yenyewe.

Mzee sikumwambia siku hiyo. Usiku ule niliiangalia ile droo, na wakuu, kwa muda fulani niliamua kuiacha imefungwa mpaka Ijumaa ipite. Niliamua kabisa. Siandiki kwamba nilijaribiwa, naandika kwamba niliamua.

Alhamisi mchana miguu ikanipeleka mjini. Sijui niseme nini kingine. Niliichukua barua nikapanda taxi.

Nadine alikuwa saluni anamsaidia mama yake, amemsimamia mama mmoja Mkongo, kichwa kimesukwa nusu. Nikasimama pale na karatasi mkononi, nikasema yote mbele ya wateja. Kwamba iliisha tangu Jumamosi. Kwamba niliificha. Kwamba nilitaka achelewe.

Hakuacha kusuka.

"Nilituma Jumatatu," akasema. "Vile nilikuwa nayo. Na makosa yake."

"Wakasemaje?"

"Wamesema imefika, iko sawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama utaleta."

Yule mama Mkongo akageuza shingo. "Ninyi watoto, mtagombana kesho. Kichwa yangu iko nusu."

Nadine akachukua ile karatasi, akaisoma yote, taratibu, midomo ikitembea. Akaikunja akaiweka mfukoni. Halafu akanisogezea stuli kwa mguu.

"Kaa. Nichambulie rasta, mikono imenichoka."

Nikakaa. Nikawa nachambua, nampa kipande kimoja kimoja, mpaka kichwa kikaisha. Nilipotaka kuondoka akasema tu, "Sharp," ile poa ya huku, kama siku nyingine zote.

Ameondoka mwezi wa nane. Mzee nilimwambia, na baada ya wiki akaniuliza kama kuna vyuo vingine. Vipo. Nimeanza upya, na safari hii statement ni ile ile yetu nyembamba, yenye makato ya umeme na vocha.

Wivu haujaisha. Akiweka picha na jezi ya chuo huwa naiangalia mara mbili kabla sijabonyeza like. Lakini nabonyeza.

Nilichojifunza: ofisi ya viza inataka kujua huna shida, ofisi ya msaada inataka kujua shida yako. Usiwapelekee wote karatasi ile ile. Na kama unamwonea mtu wivu, usikubali kushika karatasi zake. Mrudishie siku hiyo hiyo.

Aliyewahi kufutiwa nafasi akaomba chuo kingine akapata, anieleze alijibuje wakimuuliza. Na wenye kunisema, semeni, nipo nasoma zote.