Fundi Aliyechagua Picha Yake

Mhariri wetu alirudi kutoka semina na mfuko wa kitambaa, kalamu kadhaa za bure na kitabu cha mwongozo kwa wahariri wa magazeti. Kalamu alitugawia. Kitabu akakaa nacho kutwa nzima pale ofisini kwetu mtaani Umoja, chumba kimoja juu ya duka la dawa, akipiga mistari chini ya sentensi na kuguna kama mtu anayesemwa.

Mimi ni msichana niliyeishia kidato cha nne. Kazi yangu ilikuwa kupeleka gazeti madukani na kuandika habari fupifupi za mtaa: maji yamerudi, timu ya vijana imeshinda, saluni mpya imefunguliwa. Lakini moyoni nilikuwa mhariri tayari, hata kiti nilishajichagulia. Kwa hiyo alipotoka kwenda kunywa chai nikakifungua kile kitabu. Nilitarajia maneno ya kunivunja meno. Nikakuta mambo ambayo hata mimi ningeweza kuyafanya. Mweleze msomaji umejuaje hicho unachomwambia. Ukikosea, sema wazi na mapema, tena mahali atakapoona. Waite wasomaji kwenye mkutano wako wa habari, wakuulize wanachotaka. Nilifurahi jamani. Nilidhani uhariri ni siri ya watu wa chuo kikuu, kumbe sehemu kubwa ni heshima, ile tuliyofunzwa nyumbani.

Mhariri akaamua tuanze na hilo la kuwaita wasomaji. Tukaomba ukumbi wa mtaa wa Kaloleni Jumamosi mchana, tukapika chai ya maziwa, tukabandika matangazo. Mpangaji wetu wa kurasa, kijana wa mzaha asiyeamini chochote, alisema watakuja wapenda chai tu. Walikuja, na chai wakainywa. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akalalamika kwamba majibu ya fumbo la maneno tunayachapisha kichwa chini, na shingo yake si ya kupinda tena. Dada mmoja akauliza kwa nini kila wiki ni Umoja, Umoja, kwani Kaloleni wanangojwa wafe ndio waandikwe? Watu wakacheka. Mhariri naye akacheka huku akiandika yote, nami nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo akasimama mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa na gazeti letu la mwezi uliopita, akalikunjua mbele yetu. Kichwa kikubwa cha habari kilisema wezi wanang'oa mifuniko ya mitaro na kuiuza kama vyuma chakavu. Chini yake palikuwa na picha ya kijana akichomelea chuma, cheche zikiruka.

"Huyu ni mtoto wangu," akasema. "Ameiba nini?"

Kijana hakuwa ameiba kitu. Picha ile tulimpiga mwaka uliotangulia, tulipoandika kuhusu vijana wenye ufundi, na siku hiyo aliitolea kamera tabasamu. Ilibaki kwenye kompyuta. Habari ya mifuniko ilipokosa picha, mtu akatafuta yoyote yenye vyuma, akaiweka, na mhariri akaipitisha. Jina halikuandikwa, lakini mtaani kwao, Kariobangi, kila mtu anamjua kwa kofia yake.

Mama akaeleza polepole, bila kupaza sauti. Picha ilizungushwa kwenye makundi ya simu. Wapita njia wanamwuliza kijana bei ya mfuniko. Mwalimu mwenye shule ya chekechea aliyeagiza geti alisema atapita kulichukua, kisha akaacha kushika simu. Sasa kijana anazungumza habari ya kufunga karakana arudi ushago, kijijini kwao. "Hajashtakiwa na mtu," mama akasema, "na bado anataka kukimbia."

Mpangaji wa kurasa alimnong'oneza mhariri kwamba jina halikutajwa, kwa hiyo kisheria tuko salama. Mhariri hakumgeukia.

"Mama, picha hii niliipitisha mimi," akasema. "Mtoto wako hakuiba chochote. Tutasema hivyo gazetini."

"Mtasema wapi?" akadakia jamaa mmoja karibu na dirisha. "Kule nyuma kwa matangazo ya mashamba?"

"Ukurasa wa kwanza. Pale pale ilipotoka."

Tuliporudi ofisini ubishi ukaanza. Mama alikuwa ametuomba sura ya mwanawe iwekwe tena, kubwa kuliko mwanzo, ili kila aliyeona ubaya aone na wema. Mpangaji wa kurasa akasema kuirudisha picha ni kukitonesha kidonda, hata waliosahau watakumbuka. Mimi nilimwonea mama huruma, lakini mpangaji naye alikuwa na hoja. Mhariri akafungua mwongozo, akatafuta, akaufunga. Kitabu kilitufundisha kusahihisha, alisema, lakini hakimjui fundi huyu. Akanituma nikamwulize mwenyewe.

Nilimkuta Kariobangi kwenye kibanda chake, amezungukwa na fremu za madirisha. Alipojua ninatoka wapi akaiinua miwani yake ya kazi.

"Niaje siz. Leo nimeiba nini, transfoma?"

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimebeba kitu kizuri mkononi, karatasi ya masahihisho yetu, na nilijua ni kizuri, kwa hiyo nikavuta kigoda nikaketi. Nikamsomea maneno yote tuliyokusudia kuchapisha, kabla hayajaenda popote. Alisikiliza mpaka pale tulipoandika kwamba picha ilitumika kimakosa.

"Mnaongea kama picha ilijipeleka yenyewe," akasema.

Nikampigia mhariri simu hapo hapo. Akaniambia niandike kwamba mhariri ndiye aliyeipitisha, na kwamba anaomba msamaha. Nikamsomea fundi tena. Safari hii akaitikia kwa kichwa.

Nikamwuliza kuhusu sura yake. Akakuna kipande cha chuma kwa ukucha. Ile ya zamani hakutaka kuiona tena maishani. Lakini bila sura, watu watajuaje aliyesafishwa ni nani? Mwishowe akaingia nyuma ya kibanda, akatoka amevaa shati jeupe la kanisani, akaegemea geti la buluu lililosimama ukutani. Lilikuwa na herufi na namba za chuma juu yake, kila moja imekatwa kwa mkono. Lilikuwa geti la yule mwalimu wa chekechea.

"Nipige na hii kazi," akasema. "Na kofia siivui."

Gazeti lilipotoka, mpangaji wa kurasa alikuwa ameipa picha nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nililipeleka duka kwa duka, kifua mbele. Mwenye duka mmoja wa Umoja aliniuliza kama kweli tumekosea hilo moja tu. Nikamjibu atusome vizuri, na akiona lingine atupigie, namba iko pale chini. Akachukua nakala zaidi ya kawaida yake.

Kariobangi nilifika jioni, nikakuta vijana wakimwita fundi selebu na kumwomba sahihi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, gazeti limelala mapajani, anamsomea kila anayepita, hata asiyeomba. Fundi alikuwa akijifanya ana kazi nyingi. Kisha akaja mwanamke mwenye kibeti begani, akasimama mbele ya geti la buluu, akapitisha vidole kwenye herufi zake. Mama akaacha kusoma.

"Niliona aibu kurudi, fundi," mwalimu akasema. "Nilisikia maneno ya watu, nikayaamini."

"Geti lako liko tayari, mwalimu."

Nilidhani atasema atatuma mtu aje kulibeba. Mwalimu akamwambia alilete kesho, alifunge yeye mwenyewe.

"Njoo ile saa wazazi wanachukua watoto," akasema. "Nataka wakukute pale."

Fundi akasema sawa. Kisha akavuka barabara kwenda kutafuta mkokoteni wa kulibebea geti, akikimbia.