Siku Niliyostaafu, Majirani Wakaja Msibani

Jamani, mpaka leo kuna watu hapa Nyabiyonza wakinikuta nimekaa tu wanauliza, "Ta Fransisi, leo kafa nani?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, aibu yenyewe niliitafuta kwa akili zangu timamu.

Mnajua nilikuwa nyapara wa barabara enzi za Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita, kahawa ilipopanda bei na kila mwenye vibuni viwili vitatu akajiona sultani. Nimesimamia vibarua kwenye jua na mvua mpaka magoti yakaanza kulia, nikasema basi, naacha kazi, napumzika kama wazungu (yule bwana wetu wa barabara alinieleza kwamba kwao mtu akizeeka anakaa kwenye kiti anatazama maua, pesa inamfuata hapo hapo). Nikapiga hesabu kichwani: mtu akitaka kupumzika raha mustarehe, kwa mwaka mzima anahitaji nini? Kodi ya kichwa, chumvi, mafuta ya taa, kanga za mke wangu Koletha asije akaninunia, nyama ya Krismasi na ya Pasaka, na sukari, maana niliapa chai yangu itakuwa tamu asubuhi na jioni. Ndizi na maharage nalima mwenyewe, yaani, analima Koletha. Nikaona shilingi mia nne kwa mwaka zinatosha, na kahawa yangu inaleta nusu tu. Nusu nyingine nikaiona kwenye kibanja cha marehemu baba, ambacho mama alikuwa bado anakishika, mibuni ya zamani inayozaa mpaka matawi yanainama. Mama, Ma Anastazia, alikuwa hajasema atampa nani, mimi au mdogo wangu Deo, lakini mimi nikaihesabu yote. Nikaacha kazi.

Jumapili jioni nikamwambia Koletha, "Kesho ndiyo siku yangu ya kwanza ya kupumzika. Hakuna mtu kwenda shamba. Jembe lisitoke humu ndani."

Akanitazama. "Baba Anatoli, jembe lisitoke? Watu watasemaje?"

"Waseme!" nikamjibu. Na asubuhi, kwa sababu ya joto na madaha tu, nikanyoa kichwa chote kikang'aa, nikatoa kile kiti cha turubai nilichouziwa na bwana wa barabara, nikakiweka mbele ya nyumba, nikaketi. Hilo ndilo kosa langu, ndugu zangu. Kwetu mtu akifa jembe halitoki, wafiwa wananyoa, wanakaa uani, na mimi mzaliwa wa hapa hapa, niliyekwenda misiba isiyo na idadi, halikunijia hata kidogo. Na mama mwenyewe siku zile alikuwa amekwenda Kaisho kwa dada yangu, akiwa na kikohozi kibaya ambacho kijiji kizima kilikisikia.

Wa kwanza kupita ni jirani yangu Ta Petro, jembe begani. Akasimama, akatazama kipara changu, akatazama majembe yetu ukutani, akashusha lake taratibu, akageuka alikotoka bila hata salamu. Nikajisemea, wivu huo. Lakini kabla jua halijapanda wakaanza kuja, kina mama na mikungu ya ndizi kichwani, wanaume na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimya kimya, vijana hata shikamoo hawanipi, wanaketi kwenye nyasi. Moyo wangu ukajaa, waitu! Nikasema kumbe watu hawa wananipenda, wamekuja kunipongeza. Machozi yakanilenga kweli, na wao walipoyaona wakazidi kuinamisha vichwa.

Ta Petro akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Imekuwaje, ndugu yangu?"

"Ah!" nikasema. "Siku hii nimeingoja miaka! Kuna wakati nilidhani haitafika."

Watu wakatazamana. Shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Na sasa utaishije?" akauliza Petro.

"Vizuri kabisa! Hesabu imetimia. Kahawa yangu, weka na ya mama, nakunywa chai ya sukari mpaka naingia kaburini. Kunyweni, jamani, mbona mmenuna? Leo ni furaha!"

"Ya mama nayo umeshaihesabu?"

"Zamani!"

Halafu kutoka njiani tukasikia mwanamke aliyechelewa anakuja anapiga yowe, "Ma Anastazia wee, umetuachia nani!" na hapo ndipo akili ikanirudi yote kwa mpigo. Nikataka kuinuka, lile turubai likanimeza, miguu juu, na nikiwa bado napapatika humo nikaona kwa chini, kati ya miguu ya watu, fimbo ya mama yangu. Alikuwa ameteremka kwenye lori la kahawa, ana mfuko wa maharage ya Kaisho, mzima, hata kikohozi kimepona.

"Kafa nani?" akauliza.

Nusu ya watu wakakimbilia migombani. Mmoja wa waliobaki ni Petro, na Petro hana adabu ya kusema uongo. Akamweleza mama yote, neno kwa neno, na chai ya sukari, na "zamani", na "leo ni furaha". Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akanisikiliza kwanza nikijitetea, nikamwambia ilikuwa hesabu tu ya kupumzika, nikamtajia kodi, chumvi, mafuta, kanga, nyama, sukari, nikidhani akiisikia ilivyonyooka atanielewa.

Akasema polepole, "Hesabu nzuri, mwanangu. Na mimi humo nakula nini?"

Nilikuwa nimekumbuka hata mafuta ya taa, mama yangu sikuwa nimemweka popote.

Akakaa kwenye kiti changu, akaomba rubisi, akawaita watu warudi kutoka migombani, wakanywa msiba wake mpaka jioni, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi Jumatano nilikuwa barabarani tena, kibarua wa kawaida, chini ya nyapara niliyemfundisha mwenyewe. Kahawa mama alikuja kutugawia mimi na Deo miaka mingi baadaye, na miaka yote hiyo chai ya sukari, asubuhi na jioni, alikunywa yeye, kwa pesa yangu, kwenye kiti kile.

Sasa nimezeeka kweli, napumzika. Lakini siketi nje ya nyumba yangu mchana bila jembe mapajani, na hesabu yoyote ninayopiga naanza na watu, halafu ndipo chumvi.