Siku Bokhui Alipokataa Kupika

Pyo Bokhui alikuwa mpishi wa shule ya msingi mjini Daejeon kwa miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama anapenda kupika. Watu waliona jibu liko wazi. Mtu hawezi kupikia watoto mia saba kila siku kama hapendi.

Saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameshavaa mabuti ya mpira na aproni ya plastiki, nywele zimefungiwa ndani ya kofia. Jikoni walikuwa wanawake wanne. Sufuria zao mtu mzima angeweza kuogea ndani, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia. Bega la kulia lilianza kumuuma mwaka wa tisa. Alipofika mwaka wa kumi na nne akawa anachomwa sindano bega hilo kila likizo, maana muda mwingine hakuwa nao. Siku za kukaanga kuku ndizo alizoziogopa. Siku hizo alirudi nyumbani ananuka mafuta mpaka kwenye kope, na kikohozi kinamfuata kitandani.

Nyumbani nako, akifungua tu mlango, mumewe Dongsik anaita kutoka sebuleni, "Leo tunakula nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa lifti, naye alirudi amechoka. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama nje kunanyesha.

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, Bokhui alikwenda mlimani na rafiki zake wawili. Yeongok alikuwa na duka la mapazia, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, mdogo kwa Bokhui kwa miaka mitatu. Jeongim alikuwa amestaafu kiwanda cha soksi, na maneno yake ungeweza kuyahesabu. Wote waliishi jengo moja. Walilipia viti kwenye basi la watalii, wakaenda kuona majani yakigeuka rangi, wakala chakula cha huko, wakarudi. Na kila mwaka Yeongok alisema neno lile lile, "Chakula achague Dada Bokhui. Yeye ndiye anayejua."

Mwaka huo Bokhui alikuwa na miaka hamsini na minane. Wiki nzima walikuwa watatu jikoni, maana mwenzao mmoja aliteleza akaumia kiuno na hakuletwa wa kushika nafasi yake. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alipanda basi, akaegemeza kichwa dirishani, akalala kabla halijatoka mjini. Alizinduka wakiwa tayari ndani ya mabonde ya mkoa wa Gangwon, mdomo wazi, shingo imekakamaa.

"Umekoroma mpaka dereva amezima redio," alisema Yeongok.

"Afadhali. Nyimbo zake sizipendi."

Mlima ulikuwa umejaa watu. Msururu wa kupanda ulikuwa mrefu kama wa benki mwisho wa mwezi, jaketi nyekundu nyuma ya jaketi ya zambarau, fimbo zikigonga mawe. Majani yalikuwa mazuri kweli. Miti ya rangi ya damu na njano ilifunika miteremko yote miwili. Bokhui aliyatazama kwa kitambo, kisha akaona anatazama zaidi visigino vya mtu aliye mbele yake. Walipofika kwenye mwamba wa kwanza wa kupumzikia, Jeongim alishika goti lake akasema, "Mimi hapa pananitosha." Bokhui alikaa kabla mwenzake hajamaliza kusema. Yeongok aliwalaumu kidogo, halafu naye akakaa, akagawa machungwa.

Saa saba walikuwa wameshashuka. Chini ya mlima kulikuwa na safu ya mikahawa, kila mmoja umebandika picha ya mwenye mkahawa akitabasamu. Yeongok alikuwa ameona mmoja kwenye simu, unasifiwa kwa muk, ule mkate laini unaotikisika, unaotengenezwa kwa unga wa mbegu za mwaloni. Walisimama foleni dakika arobaini. Walipoketi, sahani ilikuja kabla hawajavua jaketi.

Bokhui alichukua kipande kimoja kwa vijiti. Kilikatika kabla hakijafika mdomoni. Alikitafuna, akaweka vijiti chini.

"Vipi?" aliuliza Yeongok.

"Huu ni unga wa kiwandani. Na sisi shuleni tunautumia. Unakuja kwenye magunia ya kilo ishirini."

"Labda ni njaa yako tu inasema."

"Njaa ingeusifia."

Mboga zilizofuata zilikuwa vilevile, zimepashwa kutoka kwenye pakiti, na Bokhui angeweza kutaja hata rangi ya pakiti yenyewe. Hakuwa na hasira. Alichojisikia ni ule uchovu wa mtu aliyesafiri saa tatu akajikuta ameketi ofisini kwake. Walilipia kile walicholetewa, wakatoka na njaa zao.

Ilibaki karibu saa tatu basi liondoke. Yeongok alishauri wafuate barabara ndogo ya bondeni, huenda huko kuna nyumba inayouza chakula. Walitembea polepole kwa ajili ya goti la Jeongim, wakipita mashamba ya kabichi yaliyovunwa nusu. Baada ya kona ya pili wakakuta turubai la buluu limetandikwa kando ya barabara, limejaa mbegu za mwaloni zinazoanikwa. Bibi mmoja mfupi, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, alikuwa anazigeuza kwa mguu.

"Shikamoo Bibi," alisema Yeongok. "Huku kuna mahali wanapika chakula kizuri?"

Bibi aliwaangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Kilikuwepo. Waliokuwa wanakipika wamekufa."

"Wote?"

"Nimebaki mimi, na mimi ndiyo hivi." Aliinua ule mkono wa plasta. "Nilianguka nikitoka kisimani. Wiki tatu sasa."

Jina lake lilikuwa Bibi Heo. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na siku hiyo alikuwa na kinyongo. Mwanawe na mkewe walikuwa waje kutoka Wonju. Tangu jana yake alikuwa ameloweka majani ya mlimani, yale aliyoyachuma mwenyewe wakati wa masika akayakausha, na asubuhi akayachemsha kwa mkono mmoja. Jirani amemletea uyoga. Halafu saa nne simu ikalia: mtoto ana mtihani, hawaji.

"Beseni zima liko jikoni," alisema. "Kesho litakuwa limechacha. Nyinyi mna njaa?"

"Tuna njaa ya kufa," alisema Yeongok.

"Basi ingieni. Ila kupika siwezi. Sufuria la chuma hata kuliinua siwezi."

Yeongok alimshika Bokhui bega, lile la kulia. "Bibi, hapo umepata. Huyu dada yetu ni mpishi wa shule. Watoto mia saba kila siku. Mpe tu aproni ukae pembeni."

Waliingia uani. Bibi Heo alitoa aproni ya maua iliyokuwa imening'inia mlangoni, akamnyooshea Bokhui.

Bokhui aliitazama. Ilikuwa safi, imepigwa pasi. Mikono yake haikuinuka. Baadaye alisema kwamba hakuwa amepanga kusema kitu. Alidhani angeichukua tu, kama anavyochukua zote.

"Sipiki," alisema.

Yeongok alicheka. "Dada naye, anajua kutania."

"Sitanii. Leo sipiki. Kama ni lazima nipike mimi, basi sina njaa. Nitakaa hapa niwangoje."

Uso wa Yeongok uliiva. "Sasa Bibi wa watu atatuonaje? Ametukaribisha, halafu sisi..."

"Mwacheni," alisema Bibi Heo. Alikuwa amemwangalia Bokhui muda wote huo, na sasa aliangalia mikono yake, ile ngozi iliyobabuka kwa sabuni na mvuke. "Mimi nimevunjika mkono, mdomo ninao mzima. Nitaelekeza. Wewe mwenye maneno mengi, unajua kukata kitunguu?"

Jeongim alikuwa ameshaichukua aproni. Alijifunga, akaenda kutafuta kuni.

Bibi Heo alimwingiza Bokhui chumba cha ndani, sakafu ikiwa na joto la moto uliopita chini yake, akamtupia mto. "Lala. Ukisikia kelele usitoke."

Alilala chali, mgongo umegusa lile joto, na kitu fulani kati ya mabega yake kikaanza kulegea taratibu mpaka kikauma. Lakini usingizi haukuja mara moja. Alisikia kila kitu. Alisikia kisu cha Yeongok kikigonga ubao, taratibu mno, vipande vikubwa mno. Alisikia mfuniko wa sufuria ukiinuliwa na akajua ni mapema, wali bado. Miguu yake ilijikunja yenyewe, ikitaka kusimama. Mara mbili aliegemea kiwiko ainuke, mara mbili akarudi chini.

"Hapo weka ile soya," sauti ya Bibi Heo ilisema nje. "Kijiko kimoja. Hicho ni kijiko au sepetu?"

"Wewe umesema kijiko, Bibi."

"Mume wako bado yuko hai?"

"Yuko hai."

"Maskini, ana tumbo gumu."

Bokhui alicheka peke yake, machozi yakamtoka, na hakuweza kujua yote yalikuwa ya kicheko au la. Ndipo alipolala.

Jeongim alimwamsha kwa kumgusa mguu. Meza ndogo ilikuwa imeshaingizwa. Kulikuwa na wali uliopikwa na majani yale meusi ya mlimani, mchuzi wa soya iliyochachushwa wenye uyoga na viazi, kimchi ya mwaka jana, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, kali kidogo, na bakuli la mafuta ya ufuta. Yeongok alikaa na masizi shavuni, hamwangalii mtu.

"Wali umeungua," alisema. "Naweka wazi mapema. Na chumvi imezidi."

Bokhui alichukua kijiko. Ni kweli, chumvi ilikuwa imezidi, na viazi vingine vilikuwa bado vinalia kwenye meno. Lakini ile soya ilikuwa ya miaka mitano, nzito na nyeusi, na ladha yake ilishuka ikakaa mahali ambapo chakula kilikuwa hakijafika kwa muda mrefu. Majani yalinukia kama boriti ya nyumba ya zamani. Alikula mpaka bakuli likaisha. Alipomaliza, Bibi Heo alichukua bakuli lake kwa mkono wa kushoto, akamjazia tena bila kumuuliza, na Bokhui akaona kwamba hakumbuki ni nani alimpakulia mara ya mwisho. Labda mama yake, kabla Bokhui hajaolewa.

"Ukoko upo?" aliuliza.

"Ukoko ndio uliojaa," alisema Yeongok. "Wali wenyewe ndio haba."

Waliubandua, wakagawana vipande, vingine wakavimwagia maji ya moto wakanywa. Shuleni wali ulipikwa kwa mvuke kwenye trei, ukoko haukuwepo. Bokhui alitafuna taratibu mpaka taya zikachoka.

"Kile ulichosema pale uani," Bibi Heo alimwambia wakati wengine wanaosha vyombo, "mimi nilikuwa nakingoja miaka sitini nikiseme. Sikukisema. Nilivunjika mkono kwanza."

Hakutaka malipo. Walimwachia machungwa yaliyobaki na ile kofia mpya ya Jeongim ambayo Bibi alikuwa ameisifia, wakamalizia kumwanikia mbegu upande wa turubai usiofikiwa na kivuli, kisha wakatembea haraka kuliwahi basi.

Safari ya kurudi Yeongok alinyamaza mpaka walipopita mji wa Chungju. Kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu.

"Ungeniambia tu, Dada," alisema hatimaye.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umechoka. Miaka yote nakuchagulisha chakula, nakupikisha kwenye kila sherehe ya jengo. Mimi nilidhani unafurahi."

Bokhui alifikiri. "Nilidhani inaonekana."

"Haionekani. Unapika vizuri mno, mtu ataonaje?"

Bokhui alimpangusa masizi shavuni kwa kidole gumba, akarudisha kichwa dirishani.

Alifika nyumbani saa mbili. Dongsik alikuwa sebuleni mbele ya televisheni. "Tunakula nini?" aliuliza.

"Mimi nimeshakula," alisema Bokhui, akaenda kulala na soksi zake. Kisha akasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, kabati lingine, na sauti ya mumewe ikiuliza polepole, kama mtu anayeongea na vyombo, sufuria ndogo iko wapi. Aliiacha sauti hiyo bila kuijibu.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa amevaa mabuti. Bado walikuwa watatu, na ilikuwa siku ya kukaanga. Alifanya kazi miaka miwili zaidi mpaka akafika umri wa kustaafu, bega likimuuma vilevile, na hakuna aliyeona tofauti yoyote katika chakula chake. Kwenye sherehe za jengo, Yeongok ndiye aliyepika. Watu walilalamika kuhusu chumvi. Bokhui alikaa na wenzake mezani, akanyoosha bakuli, akangoja kupakuliwa.