Sikio la Ida

Fausta, mpishi wa uji wa shule kule Masanze, alikuwa na mwiko mrefu hivi kwamba akikoroga, kuku wa Msowero, kijiji cha mbali, walikimbia wakidhani wanafukuzwa. Mbishi akawaulize kuku. Alihamia kijiji cha ujamaa na sufuria kichwani, akamzika mume hapo hapo, akabaki na mjukuu wake Ida na maneno yake mengi.

Mwaka wa sabini na nne mvua iligoma. Ukaletwa unga wa mahindi ya njano, watu wakauita Yanga, na hata wapenzi wa Simba waliula kimya kimya. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, uji uliendelea, maana njaa haikufunga. Sharti lilikuwa moja: wapewe wa umri wa shule tu. Vyeti vya kuzaliwa nani alikuwa navyo? Kikatumika kipimo cha kuandikishia darasa la kwanza: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukishika sikio la kushoto, umekua.

Vidole vya Ida viliishia juu ya sikio, na nyumbani hakukuwa na chakula kingine. Wiki nzima Fausta alilivuta lile sikio asubuhi na jioni, likarefuka mpaka likafagia uwanja. Siku ya kugawa, likarudi ndani kama shingo ya kobe.

Bwana Kornelio, msimamizi kutoka Kilosa mjini, hakuwa mtu mbaya. Unga ndio ulikuwa haba. Ida alipoinamisha shingo ili afikie, akamwambia, "Kichwa wima." Mkono haukufika. Akamsogeza pembeni walikosimama wadogo wenzake.

Fausta akaulaza mwiko. "Mwanangu, hebu jipime na wewe."

Kornelio, mnene, kichwa kama boga, akacheka, akapitisha mkono. Kofia ikaanguka, vidole vikakwama kwenye upara. Akainamisha shingo.

"Kichwa wima," watoto wakamwambia.

"Basi na wewe rudi mwakani," alisema Fausta.

Kornelio akaokota kofia, akaikung'uta muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Kisha akauliza taratibu, "Bibi, ukiongeza debe la maji, uji utawatosha wote?"

"Utatosha."

Tangu siku hiyo uji ukawa mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Ida akaumaliza, akalamba ukingo, akauliza kama kesho watapimwa tena. Bibi yake akamjibu kwamba kesho ni zamu ya Bwana Kornelio.