Mtihani wa Kusikiliza Nilioshangiliwa

Hapa Tanga walisema mwenye diploma kama mimi hawezi kufundisha Kiingereza Johannesburg, ataishia kuuza mitumba kwenye mitaa ya huko kama Malvern. Nikafundisha, tena sekondari ya binafsi ya watoto wa Kichina.

Siku ya mtihani wa kusikiliza, ambao ungeamua kama mkataba wangu utaendelea, umeme ulikatika kinasa sauti kikiwa katikati ya kanda ya maswali. Mwingine angeahirisha. Mimi nikachukua maandishi ya kanda nikawasomea mwenyewe, kwa Kiingereza changu kilichonyooka.

Nilisoma kama tunavyofundisha kwetu. Nikifika penye uzito napandisha sauti, nakata neno, nasubiri walimalizie.

"Treni itaondoka saa ta...?"

"Tu," akajibu binti mmoja kwa woga.

"Safi. Wote?"

"Tatu!"

Kufikia swali la mwisho darasa zima lilikuwa linaitikia, nami nikaagiza wajipigie makofi. Nilipogeuka, mkuu wa shule, Madamu Lin, alikuwa mlangoni.

"Mwalimu Hamisi, wamefanyaje?"

"Nina hakika wote watapata mia, madamu," nikajibu kifua mbele.

"Basi na mimi nipe mia yangu," akasema taratibu. "Majibu yote nimeyapata nikiwa koridoni."